Beseni la Waliopinda

Watu wa mtaa wa Pasua wakisema "mzee wa samaki" hawamaanishi muuza sato. Sato wanaliwa. Samaki wa Vedastus hawaliwi wala hawakaangwi, na mkubwa wao hafikii urefu wa kidole cha mtoto. Ni samaki wa kutazamwa tu, wanaitwa gapi, wana mikia ya rangi kama kanga mpya. Jirani mmoja aliwahi kumwambia usoni kwamba mtu mzima na akili zake kufuga kitu kisicholiwa ni dalili ya kukosa kazi. Vedastus akamjibu kwamba hata yeye jirani haliwi, na bado mkewe anamfuga. Ndivyo alivyokuwa, mdomo wake haukukosa jibu. Mdomo huohuo ndio uliokuja kumponza, na hakuponzeka peke yake.

Kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa Bukoba. Kazi ndiyo iliyomleta huku, akawa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule tambarare kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu alijenga Pasua nyumba ya vyumba vitatu, na kimoja akawapa samaki. Ukiingia humo unakuta matangi ya vioo aliyoyagundisha mwenyewe, mabeseni kila kona, na friji bovu lililolazwa chali likageuzwa bwawa. Pampu ya hewa inanguruma mchana kutwa. Vifaranga wadogo aliwalisha kiini cha yai la kuchemsha, anakikamua kwa kitambaa hadi kinakuwa vumbi ndani ya maji. Baridi ya mwezi wa saba ikishuka kutoka mlimani, aliwasha balbu chini ya matangi, naye akalala mlemle kwenye kigodoro ili umeme ukikatika ajue mara moja.

Lakini siri ya sifa yake haikuwa chakula wala balbu. Ilikuwa kuchagua. Kila kifaranga akifikisha wiki tatu alipita mbele ya macho ya Vedastus. Mwenye mkia mdogo alipelekwa tangi la bei rahisi. Mwenye mgongo uliopinda hakupelekwa tangi lolote. Vedastus alimchota kwa kawavu, akamtia kwenye kopo, na kopo likaenda kwa bata wa jirani. Bata wale walimjua kwa kishindo cha miguu yake, wakimsikia tu wanakimbilia uzio.

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya Krismasi, alimjia mteja kutoka Machame. Desemba unaijua ilivyo huku: Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, nyumba zinapakwa rangi upya, na kila mwenye kihamba chake cha migomba anataka wageni wakute kitu kipya sebuleni. Mzee Elimringi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, safari hii alitaka samaki. Alikuja na Rodrick, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo. Rodrick alikuwa fundi simu pale mjini, na siku hiyo kazi yake ilikuwa kubeba tangi.

"Shikamoo, mzee," alisema Vedastus, maana Elimringi alimzidi miaka kama minane.

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye mwenye mbegu safi."

Loo! Mtu akimtajia Vedastus habari ya mbegu, basi tena, hata chai hutaikumbuka. Aliwazungusha wageni tangi kwa tangi, akawaonyesha madume, akawaonyesha majike yenye mimba. Mwisho akachota kifaranga mmoja akamweka kwenye bilauri mbele ya dirisha.

"Mnamwona huyu? Mgongo umeingia ndani kidogo. Mwingine angemwacha, aseme si kitu. Mimi simwachi ng'o. Ukimwacha akazaa, mwaka kesho tangi zima limepinda. Mbegu haisemi uongo, mzee wangu."

"Kama ng'ombe tu," alisema Elimringi. "Ndama mwenye miguu mibaya simpandishi hata nikibembelezwa."

"Haswaa! Tumeelewana!"

Ndipo Digna akapita. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa Vedastus, binti wa miaka ishirini na minne. Alikuwa anatoka kazini, kwenye steshenari ya karibu na mahakama, alikokuwa anachapa barua na hati za watu. Digna alikuwa na sura ya kumfanya mtu ageuke mara mbili. Na alikuwa na miguu iliyopinda, magoti yameachana mbali kiasi kwamba kila hatua aliyumba, kushoto, kulia. Aliamkia wageni kwa adabu, meno yake yenye madoa ya kahawia yakaonekana, akaingia ndani. Elimringi alimsindikiza kwa macho, na macho yale hayakupanda juu ya magoti. Lilikuwa jicho la mfugaji. Hakuuliza neno.

Angekaa kimya Vedastus! Lakini mdomo ule ulishazoea.

"Binti yangu huyo," alisema haraka. "Hiyo miguu ni ya kwa mama yake. Ukoo wao ndivyo walivyo."

Uongo mtupu. Dainess, marehemu mkewe, alikuwa na miguu iliyonyooka, na dada zake wote vilevile. Alifariki Digna akiwa na mwaka mmoja, wala hakuwa na mdomo wa kujitetea. Vedastus aliusema uongo ule kwa majirani, kwa walimu wa shule, kwa padri, na kwa Digna mwenyewe alipofikia umri wa kuuliza. Kwa miaka ishirini ulikuwa umelainika mdomoni mwake, ukawa unatoka wenyewe.

Ukweli ni huu. Baada ya msiba Vedastus hakukaa kwenye nyumba za kiwanda. Alipanga nyumba kijijini, huko chini kwenye joto na vumbi, kwa sababu ilikuwa na ua mpana na kisima cha mwenye nyumba. Ndipo alipoanza kufuga. Nyumba ilikuwa kimya mno, mtoto analia, dada wa kumlea anabadilika kila baada ya miezi miwili, na rafiki mmoja akampa gapi sita ndani ya chupa ya soda. Mtoto aliwaona akanyamaza. Basi Vedastus akawapenda kwa moyo wote. Na maji ya kile kisima, machungu kidogo, mazito, gapi waliyapokea vizuri ajabu, wakazaa hadi mabeseni yakaisha.

Wenyeji walimwambia. Mama mmoja alimwambia waziwazi: "Baba Digna, maji haya tunafulia tu. Ya kunywa fuata mtoni, au kinga ya mvua. Huwaoni watoto wa hapa miguu yao?" Vedastus alicheka. Akamwambia maji yanayomlea kiumbe dhaifu kama gapi hayawezi kumdhuru mtoto wa binadamu. Alidhani amesema la akili. Akaendelea kumchemshia binti yake uji kwa maji yale, asubuhi na jioni, na miguu ya mtoto ikaanza kupinda. Daktari alimweleza kwamba ni madini ya floraidi, yamo kwenye maji. Baadaye walihama, lakini mifupa ilibaki ilivyopinda.

Basi turudi kwa Rodrick. Yule kijana alianza kushuka Pasua kufuata chakula cha samaki. Pakiti moja inawatosha samaki kumi miezi mitatu. Rodrick aliifuata kila Jumamosi. Samaki wa Machame mwaka ule, kwa hesabu hiyo, walikula kuliko ng'ombe! Vedastus aliona, akajifanya haoni. Alisikia vicheko barazani, alimsikia Digna akiimba jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu binti huyo alipovunja ungo, na moyo wake ulijaa. Hakuomba kitu kingine duniani. Digna aolewe, apate mtu wa kumshika mkono, basi yeye atakuwa amelipwa na kusamehewa kwa mpigo mmoja.

Baada ya Pasaka Mzee Elimringi akaja. Posa kwa Wachagga inakuja na wazee na pombe ya mbege. Elimringi alikuja peke yake, mikono mitupu, na Vedastus alipoiona mikono ile akajua.

"Baba Digna, sikuja kwa ubaya," alisema akiwa amekaa ukingoni mwa kochi. "Binti ana adabu, ana kazi yake, na kijana kampenda. Mimi mwenyewe sina neno. Lakini wazee wameuliza swali moja, na jibu ulishanipa wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

"Mzee, binadamu siyo samaki."

"Sawa. Ila ulisema mbegu haisemi uongo. Ukasema miguu ni ya ukoo wa mama yake. Mimi niwaambie nini wazee, kwamba baba mzazi hajui anachosema?"

Neno moja lingetosha hapo. Ni maji, mzee, nilimnywesha maji mabaya. Neno dogo namna hiyo! Lakini Digna alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, sufuria ya chai mkononi, anasikiliza kila kitu, na Vedastus aliuona ukingo wa gauni lake. Alipima. Akamwona kwa mawazo binti yake akijua kwamba aliyempinda ni baba yake. Akalimeza lile neno.

"Basi nitakuonyesha," alisema badala yake. "Nilikosea kuhusu mbegu, na nitakuonyesha nilivyokosea. Nitachukua gapi waliopinda, niwazalishe wao kwa wao. Njoo Desemba uwaone watoto wao. Wakiwa wamenyooka, utawaambia wazee wako nini?"

Elimringi alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamwonea. Alikuwa mtu wa kuamini macho yake, basi. "Nikiona mwenyewe, nitawaambia nilichokiona," alisema. "Kijana asubiri. Desemba siyo mbali."

Siku ileile bata walikosa mgao wao. Vedastus alichagua, kati ya wakubwa waliochelewa kupinda, majike matatu na madume mawili, wote migongo imepinda kama ndoano, akawatia kwenye beseni la bluu, akalipa nafasi bora chumbani, chini ya dirisha, na pampu yake peke yake. Digna alikuja kusimama mlangoni.

"Kwa hiyo baba, mimi naolewa ama siolewi kutegemea na hawa?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema lilivyo." Kisha akachuchumaa, kwa shida, akawatazama muda mrefu. "Wanaogelea kama mimi ninavyotembea," alisema, akacheka. Vedastus hakuweza kucheka.

Jike la kwanza lilizaa mwezi wa tano, vifaranga ishirini na wawili. Digna alishangilia kama mtu aliyepata mjukuu. Kuwatazama mwenyewe aliogopa kujipa mkosi, ila kila jioni akitoka kazini, kabla hajavua viatu, swali lilikuwa moja: "Vipi wale?" Na Vedastus anajibu: "Wamenyooka, mama. Wamenyooka kabisa." Na ilikuwa kweli, kwa sababu gapi huzaliwa amenyooka. Kupinda kunakuja baadaye, akianza kunenepa.

Wiki ya tatu kupinda kukaja. Aliwaona asubuhi moja akiwa anakamua kiini cha yai. Wawili, halafu wanne, na kabla ya mwisho wa wiki walikuwa tisa. Alibadilisha maji. Akaongeza chakula, akapunguza chakula, akahamisha beseni jua la asubuhi liwafikie. Zao la pili likaja, nusu wakapinda. La tatu likaja na baridi ya mwezi wa saba, wakapinda zaidi ya nusu. Vedastus alikaa kwenye kigodoro chake akashika kichwa. Ile mbegu aliyojivunia kwa wateja ilikuwa inamwambia ukweli wake, na ukweli huo haukuwa na uhusiano wowote na miguu ya Digna. Angeweza kuishia pale. Angeweza kupanda Machame, agonge hodi kwa Elimringi, aseme samaki ni mbegu lakini mtoto wangu ni maji. Alifikiria hivyo siku nzima, na nauli akaiweka mfukoni. Jioni Digna akarudi.

"Vipi wale?"

Alikuwa na mfuko wa karatasi. Akatoa ndani yake kitambaa cheupe cha gauni, akakikunjua mezani, akakipitishia kiganja. Rodrick amekichagua, alisema. Bado hajakipeleka kwa fundi, anangoja Desemba, asije akajipa mkosi.

"Wamenyooka," alisema Vedastus.

Kesho yake, Digna akiwa bado amelala, alichukua kawavu na kopo. Akawachota waliopinda wote, kuanzia wale tisa wa kwanza. Bata wakapata mgao wao tena. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sala yake ya asubuhi: anaamka, anainama juu ya beseni, anatafuta mgongo ulioanza kuingia ndani, anauchota. Alikuwa na macho makali, hakuwahi kumkosa hata mmoja. Na kila alipomtia mmoja kwenye kopo alijiambia kwamba huyu ni kwa ajili ya Digna. Mtu akishajiambia hivyo mara mia, haoni tena anachokifanya.

Desemba ikafika. Beseni la bluu lilikuwa na vifaranga thelathini na zaidi, mikia imeanza kupata rangi, migongo imenyooka kama rula, na wazazi wao waliopinda wanazunguka katikati yao. Ukiwatazama usingekuwa na swali. Rodrick alipiga simu, wageni watakuja Jumamosi saa nne.

Jumamosi ile Digna aliamka mapema kuliko siku zote ili akande unga wa maandazi. Alihitaji ndoo, na ndoo zilikaa chumba cha samaki. Akasukuma mlango, akamkuta baba yake amepiga magoti, kawavu mkono mmoja, kopo mkono mwingine.

Ndani ya kopo walikuwa wawili. Walizunguka polepole kwenye maji kidogo, migongo imekunjamana. Digna aliwatazama, akatazama beseni, akamtazama baba yake. Hakuwa mjinga. Alikulia kwenye chumba kama kile, anajua kopo linaenda wapi.

"Ni wawili tu, mama," alisema Vedastus.

"Leo ni wawili. Na jana?"

Vedastus aliliweka kopo chini.

"Na tangu mwezi wa tano, baba?"

Vedastus aliinuka, maji yanamtiririka mkononi. "Nafanya kwa ajili yako. Mzee akiona hawa walionyooka, mambo yamekwisha. Utaolewa, utakaa kwako. Nani atajua?"

Digna alichukua ndoo yake akatoka. Alikanda unga, akakata maandazi, akayakaanga, wala hakudondosha chozi. Vedastus alimwona hivyo akashusha pumzi. Akajua amelimeza jambo lile.

Saa nne kamili wageni waliingia, Elimringi na mzee mwenzake mmoja wa ukoo, na Rodrick nyuma yao ndani ya shati jipya. Beseni liliwekwa mezani sebuleni. Elimringi alivaa miwani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Hawa wakubwa ndio wazazi?"

"Ndio wenyewe, mzee."

"Na hawa wote ni watoto wao?"

"Wote."

"Aisee." Akavua miwani, akaifuta, akamgeukia mwenzake. "Umeona? Mimi nilisema nitasema nilichoona, na nimeona." Akacheka, na Rodrick naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikilia pumzi miezi minane. Vedastus akaita chai iletwe.

Digna aliingia na sinia la chai na maandazi. Alipiga magoti, akaliweka mezani kando ya beseni, akabaki palepale chini.

"Mzee Elimringi," alisema. "Muulize baba wengine wako wapi."

"Wengine gani, binti yangu?"

"Waliopinda. Walikuwa zaidi ya hawa. Baba amekuwa akiwatoa kila asubuhi, na leo pia, wamo kwenye kopo kule chumbani. Mimi nataka sana kuja kwako, mzee, Rodrick anajua. Ila siku moja nitazaa. Mtoto wangu akija na kasoro, hata ya kidole, mtasema niliwaingilia kwa hila. Sitaki mwanangu awe na watu wa kumchagua."

Rodrick alitazama viatu vyake. Na Vedastus, mtu asiyekosa jibu, ndipo alipolitoa lile neno alilolimeza miezi minane, akalitoa ovyo, nusu analia. Ni maji! Dainess hakuwa na kasoro yoyote, ni maji ya kisima, daktari alisema, watoto wote wa kile kijiji walikuwa hivyo, mtoto hakuzaliwa nayo, naapa mbele ya Mungu, ni mimi niliyemnywesha!

Elimringi alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amerudisha miwani mfukoni.

"Meno ya binti niliyaona siku ya kwanza," alisema polepole. "Nikajisemea moyoni, hiyo ni kazi ya maji. Ningeambiwa na miguu ni maji, ningeamini siku hiyohiyo, mambo yangekuwa yameisha. Lakini baba yake akaniambia ni ukoo. Mgeni anambishia vipi baba? Halafu miezi minane ukanifugia samaki wa uongo. Leo unalia unasema ni maji. Sasa, Baba Digna, mimi niwapelekee wazee lipi katika hayo?"

Vedastus akamsogezea sinia la maandazi.

Waliondoka bila kugusa chai. Rodrick alisimama mlangoni, akamwambia Digna, "Tutaongea." Hawakuongea. Mwezi wa pili simu yake ilikuwa haipatikani, na mwezi wa tatu watu wakasema ametangaziwa ndoa kanisani na msichana wa huko huko juu.

Digna hakungoja mwezi wa tatu. Jumatatu iliyofuata alibeba begi lake akahamia chumba cha kupanga Majengo, karibu na kazi. Hakumtukana baba yake, hata mlango hakuubamiza. Alimwachia chakula kwenye hotipoti. Vedastus alikaa siku kumi akimpigia simu, na simu inaita hadi inakatika.

Siku ya kumi na moja alikumbuka jambo. Kwa Wachagga, mtu akikukosea akakuletea jani la isale, huwezi kumkataa. Hata damu iwe imemwagika, isale ikishaletwa unapokea na kusamehe. Ameishi nao miaka mingi na ameona kwa macho yake watu wasiosalimiana wakipatana kwa jani lile. Akachuma moja kwenye uzio wa jirani, akalifuta vumbi kwa shati, akapanda bodaboda hadi Majengo, jani amelishika mbele yake kwa mikono miwili.

Digna alifungua mlango. Alimwamkia kama kawaida. Vedastus alimnyooshea lile jani.

"Baba, nikuulize kitu," alisema Digna. "Daktari alikwambia habari ya maji nikiwa na miaka mingapi?"

"Minne."

"Na pale tulihama nikiwa nimeanza shule. Ninakumbuka. Nilikuwa na miaka saba."

"Saba, ndiyo."

"Kwa nini hatukuhama?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na ujuzi huo. Lakini alikuwa amechoka.

"Nilijaribu maji ya mjini," alisema. "Nilichukua madumu mawili, nikayatia kwenye beseni. Samaki wakafa. Nikasema ngoja kwanza, nitafute njia. Wewe ungelia, mama. Uliwapenda sana wale samaki."

"Nilikuwa na miaka minne, baba. Ungeninunulia kuku ningempenda."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akalitazama lile jani kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

"Hii ni ya Wachagga, baba," alisema. "Na Wachagga wamenikataa."

Akasema ana kazi ya kuchapa kabla ya saa nane, akamwomba aende salama, akafunga mlango taratibu. Vedastus alisimama nje pale na jani lake hadi yule wa bodaboda alipomwuliza kama anarudi au anabaki. Akasema anarudi. Ilikuwa karibu saa sita, na samaki hawakuwa wamelishwa.